Je, Wajua? P2, Vijiti na Hesabu za Hosteli

Je, wajua kwamba njia moja ya uzazi wa mpango huwa na namba mbili za ubora, na zote mbili ni za kweli? Wanawake 1,000 wakimeza vidonge vya majira mwaka mzima bila kuruka hata siku moja, watatu hivi tu ndio watakaopata mimba. Wakivimeza kama watu wanavyovimeza kweli, leo saa mbili usiku, kesho saa sita, keshokutwa umelala kwa shoga yako na pakiti imebaki kabatini, wanafika 70. Dawa ni ileile. Namba ya kwanza ndiyo inayopendwa na vipeperushi. Ya pili ndiyo inayoishi hosteli.

Kwa njia nyingine hesabu iko hivi, kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Kondomu ya kiume: mimba 2 ikivaliwa sawasawa kila mara, 13 kwa matumizi ya kawaida. Sindano ya miezi mitatu: chini ya 1, lakini 4 ukijumlisha wanaochelewa kurudi kuchomwa. Kumwaga nje: 4 kwa mwanamume asiyechelewa hata mara moja, 20 kwa wanaume wengine wote. Kutotumia chochote na kumwachia Mungu: 85.

Vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono havina tofauti hiyo. Ni mimba 1 hivi katika wanawake 1,000, karatasini na chumbani, kwa sababu ukishawekewa hakuna cha kukumbuka wala cha kusahau. Kitanzi cha shaba kinafuata kwa karibu, mimba 8 katika 1,000.

Je, wajua kwamba jina P2 lilitokana na Postinor-2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba ya kampuni ya Gedeon Richter ya Budapest, Hungaria? Ile mbili ni idadi ya vidonge: viwili, kila kimoja miligramu 0.75 za homoni ya levonojestreli. Siku hizi kuna chapa nyingi, na nyingine ni kidonge kimoja cha miligramu 1.5, lakini mtaani zote ni P2, kama vile sabuni ya unga yoyote inavyoitwa Omo.

P2 haitoi mimba. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke kwenye kifuko chake. Kama yai limeshatoka, imechelewa. Kama mimba imeshatunga, haitaigusa. Ndiyo maana saa zina maana kubwa: dawa inatakiwa imezwe ndani ya saa 72 tangu tendo, na ya leo ni bora kuliko ya kesho. Ukitapika ndani ya saa mbili tangu uimeze, meza nyingine.

Hili la kuchelewesha lina mtego ambao wengi hawaujui. Yai lililocheleweshwa bado lipo, na linaweza kutoka siku chache baadaye. Aliyemeza P2 Ijumaa kisha akakutana na mwenzake Jumapili bila kinga, akidhani dawa ya Ijumaa bado inamlinda, amejiweka kwenye hatari mpya kabisa. Kidonge kile kilihusu tendo lililopita tu.

Na uzito? Levonojestreli hupungua nguvu kwa mwanamke mnene, hasa yule ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) umevuka 30. Ni habari muhimu, lakini dukani ni nadra mtu kuambiwa. Kwanza, anayekuja kununua mara nyingi ni mvulana. Anaagiza kwa sauti ya chini, anatia kwenye mfuko wa suruali, anaondoka. Boksi na karatasi ya maelezo vinaishia njiani, kidonge kinafika peke yake. Mmezaji hajasoma chochote, na mnunuzi hakuulizwa swali hata moja kuhusu mtu ambaye hayupo pale.

Je, wajua kwamba hakuna ushahidi kwamba P2 huharibu kizazi, hata ukiimeza zaidi ya mara mbili kwa mwaka? Uvumi huo umeenea kila chuo. Madhara yanayojulikana ni kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kujaa, na hedhi kuwahi au kuchelewa, kwa kawaida kwa wiki moja hivi. Ukiirudia mara kwa mara, hedhi huvurugika kiasi kwamba hujui tena ni dawa au ni mimba. Mimi tatizo la P2 ya kila wikiendi naliona mahali pengine: ni kununua, kwa bei ya juu, njia dhaifu kuliko zile zinazotolewa bure kwenye zahanati za serikali.

Kinga ya dharura yenye nguvu kuliko zote haiuzwi dukani. Ni kitanzi cha shaba, kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku 5. Kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, uzito wa mwili haukisumbui, na ukikiacha mahali pake kinaendelea kufanya kazi kwa miaka 10 au zaidi. Na msichana ambaye hajazaa anaruhusiwa kukitumia. Shirika la Afya Duniani halimkatazi, ingawa bado wapo wahudumu wanaomrudisha nyumbani kwa sababu hiyo. Adha yake ni hedhi nzito na tumbo kuuma zaidi, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye upungufu wa damu aseme mapema.

Je, wajua kwamba saa 72 za P2 ni saa zilezile 72 za dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kujiweka hatarini? Dawa hizo humezwa kwa siku 28 na hupatikana hospitali. Watu wawili wamekutana bila kondomu, asubuhi wanakimbilia duka la dawa kutafuta P2, wanarudi wamepumua. Nusu ya dharura imeshughulikiwa, nusu nyingine wameiacha ipite. Chuoni kuna usemi unaosikika kila mara: mimba inaonekana, virusi havionekani. Ni kweli, na huo ndio ubaya wake. Aliyebakwa asioge, asifue nguo, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zote mbili hutolewa hapo na ushahidi huchukuliwa hapo.

Sasa twende Mexico kidogo. Tarehe 15 Oktoba 1951, katika maabara ya kampuni ya Syntex jijini Mexico City, noretisteroni, homoni iliyokuja kuingia kwenye vidonge vya majira, ilitengenezwa na mwanafunzi. Aliitwa Luis Miramontes, alikuwa na miaka 26 na hajamaliza shahada yake ya kemia. Wasimamizi wake walikuwa Carl Djerassi na George Rosenkranz. Malighafi ilitokana na viazi vikuu vya mwituni.

Kidonge cha kwanza cha majira kilijaribiwa kwa upana kisiwani Puerto Rico kuanzia 1956, kwa wanawake maskini ambao hawakuelezwa kwamba wako kwenye majaribio. Daktari aliyesimamia, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba asilimia 17 walipata madhara, akasema ni mengi mno. Wakubwa wake hawakumsikiliza. Mwaka 1960 Marekani ikakiruhusu kwa jina la Enovid. Kidonge kimoja cha Enovid kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni. Vidonge vingi vya leo vina 20 hadi 35. Kwa hiyo bibi aliyewahi kuvitumia miaka ile akikuambia vilimtesa, mwamini. Alikuwa anameza estrojeni mara nne hadi saba ya unayopewa wewe.

Mwaka 1970 Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu vidonge na damu kuganda. Waliotoa ushahidi karibu wote walikuwa wanaume, na wanawake waliokuja kusikiliza wakasimama ukumbini kupaza sauti: kwa nini hatukuambiwa? Mwaka huohuo serikali iliagiza maelezo kwa mtumiaji yaambatane na vidonge. Karatasi ile iliyokunjwakunjwa unayoitupa bila kuifungua iliingia kwenye boksi kwa namna hiyo.

Na je, wajua kwamba mwaka 1967 mwanaharakati Bill Baird alikamatwa mbele ya umati wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Boston kwa kosa la kumpa msichana wa miaka 19 kondomu na povu la kuzuia mimba? Sheria ya jimbo la Massachusetts iliruhusu vitu hivyo kwa wanandoa tu, kwa cheti cha daktari. Alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 majaji wakaamua kwamba asiye na ndoa ana haki sawa na aliye nayo. Miaka 40 baadaye chuo kimoja cha Pennsylvania, Shippensburg, kilijulikana dunia nzima kwa sababu mashine ya kujiuzia kwenye zahanati yake ilikuwa ikitoa dawa ya dharura kwa dola 25. Wakaguzi wakaenda kuichunguza, wakaiacha.

Mwaka uleule Baird alipokamatwa, 1967, Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara.

Turudi kwenye damu kuganda, maana ndiyo hatari kubwa inayotajwa juu ya vidonge vyenye estrojeni. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, 1 hadi 5 hupata donge la damu kwenye mishipa kwa mwaka. Wanaotumia vidonge: 3 hadi 9. Wajawazito: 5 hadi 20. Waliojifungua, katika wiki 12 za mwanzo: 40 hadi 65. Zisome namba hizo tena. Anayeogopa vidonge kwa sababu ya damu kuganda, kisha akabaki bila njia yoyote, amekimbia hatari ndogo akaelekea kubwa.

Hata hivyo kuna watu ambao vidonge hivyo si vyao kabisa. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli au ganzi upande mmoja asivitumie, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Mwenye shinikizo la juu la damu vilevile, na ndiyo maana kupimwa presha kabla ya kupewa pakiti si urasimu. Aliyewahi kupata donge la damu asiviguse. Dalili za kukimbia hospitali: mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, kifua kubana, pumzi kukata ghafla, kichwa kikali kisicho cha kawaida, macho kupoteza nuru. Kichefuchefu cha wiki ya kwanza hakimo.

Mwenye seli mundu je? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na wasichana wenye ugonjwa huo wapo vyuoni. Sindano na vijiti wanaruhusiwa, na kuna ushahidi kwamba sindano hupunguza vipindi vya maumivu makali.

Fungua pakiti ya kawaida ya vidonge vya majira uihesabu. Vidonge 28, mishale ikionyesha pa kuanzia na pa kwenda. 21 vina homoni. 7 vya mwisho, mara nyingi vya rangi ya kahawia, havina homoni hata chembe. Vina madini ya chuma, na kazi yake nyingine ni kukufanya usipoteze mazoea. Ukisahau cha kahawia, kitupe uendelee. Ukisahau kimoja chenye homoni, kimeze ukumbukapo, hata kama ni viwili kwa mkupuo. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na ratiba, na tumia kondomu kwa siku 7. Hatari kubwa ni kusahau vya mwanzo wa pakiti mpya, kwa sababu hapo mwili umeshakaa siku 7 bila homoni.

Je, wajua kwamba amoksilini haiui nguvu ya vidonge vya majira? Watu wengi wanaamini antibayotiki zote huvuruga. Inayovuruga kweli ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ambayo mgonjwa huitumia miezi sita, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini. Dawa ya VVU iitwayo efavirenzi hupunguza nguvu ya vijiti na ya P2. Dolutegraviri, ambayo imechukua nafasi yake kwa wagonjwa wengi Tanzania na Kenya, haina shida hiyo. Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, hata zile usizopenda kuzitaja.

Soda ya kola kama dawa ya kujiosha baada ya tendo? Mwaka 2008 tuzo ya mzaha ya Ig Nobel ya kemia waligawana watafiti wa Marekani waliogundua kwamba Coca-Cola huua mbegu na watafiti wa Taiwan waliogundua kwamba haiui. Vyovyote iwavyo, mbegu huwa zimeshapita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Maji ya chumvi, ndimu na kurukaruka vina jibu hilohilo.

Siku za hatari ni sita kwa mzunguko: tano kabla ya yai kutoka na ile ya kutoka kwake. Yai huishi chini ya saa 24, lakini mbegu hukaa hadi siku 5 zikilisubiri. Kuhesabu siku ya 14 kwenye kalenda ya simu kunamfaa mwenye mzunguko usioyumba. Wiki ya mitihani, usingizi wa saa tatu na chakula cha kubahatisha huuyumbisha wa wengi.

Kidonge cha mara moja kwa mwezi kinachouzwa kwa kificho? Uchina iliwahi kutengeneza vya aina hiyo kwa homoni nzito iitwayo kwinestroli. Ukiletewa kwenye karatasi isiyo na jina wala tarehe, hujui ni nini wala ni kiasi gani. Kikatae.

Sindano nayo ina hadithi zake. Hedhi ikikatika, watu husema damu chafu inajazana tumboni. Hakuna damu inayojazana. Ukuta wa kizazi haukujengeka, basi hakuna cha kumwagika. Yaliyo kweli ni haya: hupunguza uzito wa mifupa kwa muda wa matumizi, na mifupa hurudi kwa sehemu kubwa ukiacha. Baadhi huongezeka unene. Na uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, tofauti na vidonge, vijiti na kitanzi ambavyo huachia karibu papo hapo. Anayepanga kuolewa na kuzaa mara tu baada ya mahafali aliweke hilo kwenye hesabu.

Kwa miaka mingi sindano ilishukiwa pia kuongeza maambukizi ya VVU. Utafiti uitwao ECHO ulifuatilia wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia, wengine kwa sindano, wengine kijiti, wengine kitanzi. Matokeo yalitoka 2019: hakuna tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Lakini kwenye matokeo hayohayo kulikuwa na namba ya kutisha kuliko swali lenyewe. Kwa kila wanawake 100 waliofuatiliwa mwaka mmoja, karibu 4 waliambukizwa, njia yoyote waliyotumia. Kijiti mkononi hakizuii kirusi.

Saratani? Utafiti wa Denmark wa 2017, uliohusisha wanawake milioni 1.8, ulikuta saratani ya matiti moja ya ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia homoni kwa mwaka. Vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya vifuko vya mayai na ya ukuta wa kizazi, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuacha. Utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, wa 2016, ulionyesha kwamba watumiaji wa homoni, hasa wasichana wadogo, walianzishiwa dawa za sonona mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Ukiona huzuni isiyo na sababu imekuandama tangu ubadilishe njia, usiambiwe unajidekeza. Omba njia nyingine.

Wanaume je? Jaribio la sindano ya kiume lililowahusu wanaume 320, matokeo yake yakatoka 2016, lilizuia mimba kwa kiwango cha kushindana na vidonge vya kike. Likasitishwa kwa sababu ya madhara: chunusi, hasira, huzuni. Wanawake waliosoma orodha hiyo walicheka sana.

Sasa lile linaloogopwa kuliko yote: utasa. Msichana wa mwaka wa pili atakataa kijiti kwa sababu ameambiwa hatazaa, kisha atakubali kukaa bila kondomu na mvulana asiyejua hali yake. Vidonge, vijiti na kitanzi havileti utasa. Kinacholeta ni klamidia na kisonono visivyotibiwa, ambavyo hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, vikaacha makovu, vikaiziba. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote: hakuna usaha, hakuna maumivu, hakuna harufu. Mtu huja kuijua miaka kumi baadaye, ameolewa, anatafuta mtoto. Kati ya njia zote za hosteli, inayoulinda uzazi wake wa kesho ni ile kondomu anayoona aibu kuitaja.

Kondomu yenyewe ina adabu zake. Haipakwi mafuta ya mgando wala losheni, kwa sababu mafuta hulainisha mpira mpaka ukapasuka. Tumia vilainishi vya maji. Haivaliwi mbili kwa pamoja. Haikai kwenye pochi ya makalio mwezi mzima. Bana ncha kabla ya kuivalisha, na baada ya hapo ishike kwenye shina wakati wa kutoka, usingoje ilegee.

Ukienda kuchukua njia, usiondoke kabla hujauliza mambo mawili: nikisahau au nikichelewa nifanyeje, na ni dalili gani inipasayo kurudi siku hiyohiyo. Mhudumu akikujibu kwa kukuuliza umeolewa na nani, ondoka utafute kituo kingine wiki hiyohiyo, na hadi utakapokipata, tumia kondomu.